"Na", "kwa", "hadi": maswali ya kawaida kuhusu maneno madogo ya kwenye karatasi

Puge iko kwenye barabara kuu ya lami inayounganisha Nzega na Tabora, karibu na nusu ya safari. Barabara hiyo ilipowekwa lami, kazi iligawanywa vipande viwili: Nzega hadi Puge, na Puge hadi Tabora. Kwa hiyo jina la Puge likaingia kwenye mikataba miwili, mmoja likiwa mwisho na mwingine likiwa mwanzo. Mkandarasi haachiwi akisie "hadi Puge" maana yake ni hadi wapi. Anapewa michoro na namba za kilomita. Mkulima anayekodisha jaruba lake la mpunga hana michoro. Ana karatasi moja iliyotolewa kwenye daftari la mtoto, sentensi tano au sita, mashahidi wawili, na maneno madogo ambayo hakuna anayeyatazama mara mbili: na, kwa, au, hadi, kabla, isipokuwa.

Ugomvi mwingi wa karatasi za namna hii hauanzii kwenye maneno makubwa. Neno "shamba" linaeleweka, "shilingi" inaeleweka. Watu hubishana juu ya "na". Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno hayo, hasa pale kiunganishi kinapokutana na kihusishi ndani ya sentensi moja, pamoja na majibu yake.

Kiunganishi ni kipi na kihusishi ni kipi?

Kiunganishi huunga maneno au sentensi: na, au, ama, lakini, wala, ila, kwa sababu, kwa kuwa. Kihusishi huonyesha uhusiano wa kitu na kingine, kwa mahali, wakati, chombo, chanzo au mtenda: kwa, katika, kwenye, hadi, tangu, bila, kabla ya, baada ya, juu ya, ndani ya. Mwalimu wa darasa la tano angeishia hapo na wanafunzi wakapata alama zao. Tatizo ni kwamba Kiswahili hakikuligawa kila neno kwenye fungu lake. "Hadi" ni kihusishi katika "hadi Jumatatu" na ni kiunganishi katika "hadi atakapolipa". "Tangu" vivyo hivyo. Na lile tunalolitumia kuliko yote, "na", limekaa pande zote mbili tangu zamani.

Kwa nini "na" inaleta utata kwenye maandishi?

Kwa sababu inafanya kazi nyingi na zote ni halali. Katika "mahindi na karanga" inaunga. Katika "alikuja na mkewe" inaonyesha mtu aliyefuatana na mwingine. Katika "fomu imesainiwa na mtendaji" inamtaja aliyetenda. Katika "ana ng'ombe wanne" inaonyesha umiliki. Kwenye mazungumzo hatuchanganyikiwi, maana sauti, uso na mazingira vinatusaidia. Karatasi haina uso.

Tazama sentensi hii, ya aina inayoandikwa kila msimu: "Shamba litapimwa na mnunuzi na mwenyekiti wa kitongoji." "Na" ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili je? Inaweza kuwa inaunga watenda wawili, yaani wote wawili wanapima. Inaweza kuwa ya kufuatana: mnunuzi anapima, mwenyekiti yupo tu anaangalia. Na yupo atakayesema kwamba mnunuzi alipima Jumanne, mwenyekiti akapima Alhamisi, na sharti limetimia. Wote watatu wanasoma Kiswahili sawasawa. Aliyekosea ni mwandishi.

Dawa ni kuibakizia "na" kazi moja na kutafutia kazi nyingine maneno yake. Kama wote wawili wanapima, andika "litapimwa kwa pamoja na mnunuzi na mwenyekiti, siku moja". Kama mwenyekiti ni shahidi tu, andika "litapimwa na mnunuzi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji". "Mbele ya" ni kihusishi kizuri sana cha ushahidi na watu wa vijijini wanakijua vizuri kuliko wanavyodhani makarani. Kama yeyote kati yao anatosha, andika "na mnunuzi au mwenyekiti". Sentensi hizo tatu si ndefu, lakini zinafanya shauri la nusu siku lisiwepo kabisa.

Hali ni hiyo hiyo kwenye fedha za kikundi. "Fedha zitatolewa benki na katibu na mhazini" imewahi kuvunja zaidi ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, kwa kuwa katibu aliyekwenda peke yake siku zote ana pa kujitetea. Neno "kwa pamoja" lingemfungia mlango.

"Shamba la Juma na Asha" na "shamba la Juma na la Asha" ni kitu kimoja?

Hapana, na kati ya maswali yote ya makala haya hili ndilo lenye gharama kubwa kuliko mengine.

"Shamba la Juma na Asha" ni shamba moja lenye wenyewe wawili. Ukirudia kihusishi, "shamba la Juma na la Asha", umetaja mashamba mawili, kila moja na mwenyewe. Hiyo silabi moja ya ziada ndiyo inayogawa mali. Kwenye wingi mambo hufichika zaidi: "mashamba ya baba na mama" yanaweza kuwa yote ya wote, ilhali "mashamba ya baba na ya mama" yanasema wazi kwamba yapo ya baba na yapo ya mama. Baba akifariki na ndugu wakaketi kugawa mirathi, mjane atatamani aliyeandika muhtasari wa kikao angekuwa amerudia "ya".

Kanuni yake ni rahisi: kihusishi kikirudiwa baada ya kiunganishi, vitu vinatengana, kisiporudiwa, vinabaki kundi moja. "Barua ipelekwe kwa mtendaji na mwenyekiti" inaweza kuwa barua moja inayowahusu wote. "Barua ipelekwe kwa mtendaji na kwa mwenyekiti" inataka kila mmoja apate yake. "Mafunzo kwa wakulima na wafugaji" ni mkutano mmoja wa watu mchanganyiko, na anayejua historia ya wakulima na wafugaji atafikiri vizuri kabla ya kuandika hivyo. Waandishi wa habari wana mazoea ya kufuta marudio haya ili kuokoa nafasi. Kwenye gazeti hakuna hasara kubwa. Kwenye karatasi ya mali, rudia bila aibu.

"Kwa mwezi", "kwa gunia": kihusishi cha mwisho kinashika nini?

Mpangaji anaandikiwa: "Atalipa kodi na gharama za maji shilingi 40,000 kwa mwezi." Je, 40,000 ni ya vyote viwili, au ni ya maji peke yake na kodi imetajwa mahali pengine? Na "kwa mwezi" inahusu vyote au cha mwisho tu? Kiunganishi kimeweka vitu viwili upande wa kushoto, kihusishi kimoja kimening'inia kulia, na hakuna anayejua kinakamata kipi. Andika kila deni na kihusishi chake: "Atalipa kodi shilingi 30,000 kwa mwezi, na maji shilingi 10,000 kwa mwezi." Inachosha kuandika, hilo nakubali.

"Kwa gunia" nayo ina lake. Mnunuzi anayekuja na lori wakati wa mavuno na kusema "nanunua kwa gunia" hajasema gunia la ujazo gani, na ndipo lumbesa inapozaliwa, lile gunia lililoshonewa kofia juu mpaka linazidi kipimo. Lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo haukomi kuikemea, lakini msemo "kwa gunia" peke yake unaiachia mlango. "Kwa kilo" haiachi mlango. Mkulima wa mpunga au karanga anayeandikiana na mnunuzi ahakikishe kinachofuata "kwa" ni kipimo cha mizani.

"Imepanda kwa" na "imepanda hadi": zinatofautiana?

Zinatofautiana kwa fedha taslimu. Bei ya kilo ikiwa 2,000 kisha ukasikia "imepanda kwa 500", sasa ni 2,500. Ukisikia "imepanda hadi 2,500", ni bei ile ile kwa njia nyingine. Lakini mtangazaji akisema "imepanda kwa 2,500" huku akimaanisha "hadi", wasikilizaji wote wamepotoshwa na hakuna aliyedanganya.

Mfano wa karibu uko kando ya lami ile ile ya Nzega hadi Tabora. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Isome sentensi hiyo taratibu. Ina "kutoka" mbili zenye kazi mbili: ya kwanza ni ya kiwango, kipimo cha zamani kikaenda cha sasa, ya pili ni ya mahali, pale mwenye futi anaposimama kuanza kupima. Wapo wanaosimulia kwamba hifadhi "imeongezwa kwa mita 30". Haikuongezwa kwa 30, iliongezwa kwa 7.5. Wapo pia wanaosema ni mita 30 "kutoka barabarani". Hapo mwenye nyumba anaanza kupima pale lami inapoishia, na mpimaji anaanza kwenye mstari wa katikati. Tofauti yao ni nusu ya upana wa barabara. Hizo ni mita kadhaa, na ndani ya mita kadhaa kuna nafasi ya kibaraza na chumba cha duka.

Kwa hiyo ukisikia umbali wowote unatajwa mkutanoni, uliza swali moja: kutoka wapi hasa? Kutoka katikati, kutoka ukingoni mwa lami, kutoka kwenye mtaro, au kutoka kwenye ukuta? Swali hilo si ubishi.

Nikiambiwa "hadi tarehe 30", tarehe 30 imo?

Kwa Kiswahili cha kawaida imo. Anayekwambia duka limefungwa hadi Jumatatu ndiye anayeleta wasiwasi, kwani hapo wengine huelewa kuwa Jumatatu linafunguliwa. Upande wa sheria zilizoandikwa, jibu limeshawekwa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu cha 60, inasema muda unaoelezwa kuendelea hadi siku fulani unaihesabu siku hiyo. Ila muda unaohesabiwa kutoka siku fulani, au baada yake, hauihesabu. Ukipewa siku 30 kutoka tarehe ya uamuzi, na uamuzi ulitoka tarehe 1 Juni, siku yako ya kwanza ni tarehe 2 na ya mwisho ni tarehe 1 Julai.

Hapa sikio la mzawa na sheria havikubaliani sana. Mtu wa kawaida akisikia "kuanzia tarehe 1" hana shaka kwamba tarehe 1 imo. Neno lenyewe ni kuanza. Ndiyo maana ni vyema kwenye makubaliano ya watu wawili kuandika tarehe zote mbili na kusema kama zimo: "kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Juni, siku zote mbili zikiwemo". Maneno "zikiwemo" na "ikiwemo" yanafaa kuliko yale ya kutafsiriwa, "hadi na ikiwa ni pamoja na", ambayo yanaonekana kwenye zabuni na hayajawahi kutoka kinywani mwa mtu.

Kosa jingine ambalo limeota mizizi ni "kati ya tarehe 5 hadi 10". "Kati ya" inataka "na": kati ya tarehe 5 na 10. "Hadi" inataka "kuanzia" au "tangu": kuanzia tarehe 5 hadi 10. Ukizichanganya, msomaji hajui kama tarehe 5 na 10 zenyewe zimo, kwa kuwa kilicho kati ya vitu viwili si vitu hivyo.

"Hadi" ya mahali ina mitego yake tangu enzi za misafara. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, na Julai mwaka uliofuata Speke akashika njia ya kaskazini kuelekea ziwa kubwa. Njia hizo zilikuwa za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana ujira kwa safari. Sasa fikiria mapatano ya kubeba mzigo "hadi Unyanyembe". Unyanyembe haikuwa kijiji kimoja. Ilikuwa nchi nzima ya utemi, yenye vijiji vingi, na Kazeh ilikuwa ndani yake. Mpagazi akiutua mzigo kwenye kijiji cha kwanza cha Unyanyembe, kwa lugha amefika. Bwana wa msafara anayetaka mzigo ufike kwenye tembe lake kwa lugha hiyo hiyo anasema hajafika. Leo anayekodi bodaboda au Canter ya kubeba magunia "hadi Tabora" yuko kwenye shauri lile lile: Tabora sokoni, stendi, au mzani wa kuingilia mji?

"Pamoja na kulipa faini, atafungwa": maana yake nini?

Zipo mbili na zinapingana. Ya kwanza: atalipa faini na juu yake atafungwa. Ya pili: ingawa amelipa faini, atafungwa tu. Matumizi haya ya pili, ambapo "pamoja na" inachukua kazi ya "licha ya" au "ingawa", yameenea sana kwenye hotuba na redio. Siyaiti kosa, kwa kuwa wazungumzaji wengi wazuri wanayatumia. Nasema tu kwamba kwenye uamuzi wa baraza, barua ya onyo au tangazo la ada, hayafai. Mzazi aliyeandikiwa "pamoja na kulipa ada, mwanafunzi hatapokelewa bila sare" ana haki ya kuduwaa. Tumia "pamoja na" kwa kuongeza, na "licha ya" kwa kupinga.

Ndugu yake "kutokana na" anatumika kupita kiasi. "Kutokana na sababu ya mvua" ina sababu mbili kwa mvua moja. "Kutokana na mvua" inatosha. Na "kwa ajili ya" ni ya lengo, "kwa sababu ya" ni ya chanzo. Mtu hufungwa kwa sababu ya wizi. Akifungwa kwa ajili ya wizi, ina maana amepelekwa gerezani akaibe.

Kwenye makatazo nitumie "na", "au" au "wala"?

"Ni marufuku kulima na kulisha mifugo kwenye chanzo cha maji." Mfugaji mjanja atasema: mimi sijalima, nimelisha tu, na mlikataza vyote kwa pamoja. Jaribu "au": "ni marufuku kulima au kulisha mifugo". Hiyo inakamata kila kimoja. Sentensi ikiwa ya kukanusha waziwazi, Kiswahili kina neno lake lisilo na mpinzani: "Usilime wala usilishe mifugo." "Wala" haiachi upenyo wowote, na mababu waliitumia kwenye methali na miiko bila mwanasheria kuwaelekeza.

Vipi kuhusu "na/au" yenye mkwaju katikati? Imetoka kwenye fomu za Kiingereza na imeletwa nzima nzima. Haina matamshi: jaribu kuisoma mbele ya mkutano mkuu wa kijiji uone. Kama unataka kimoja au vyote, andika hivyo: "kitambulisho cha Taifa au barua ya mtendaji, au vyote viwili".

Mtoto wangu wa kidato cha kwanza anasema Kiingereza kinaweza kubandika vihusishi viwili kwenye neno moja. Kiswahili hakiwezi?

Mtoto yuko sahihi. Kuanzia kidato cha kwanza somo karibu kila moja linafundishwa kwa Kiingereza, na moja ya mambo yanayowasumbua wanafunzi ni hili. Kiingereza kinasema "to and from Tabora", "in and around Nzega", "with or without a receipt": vihusishi viwili, kiunganishi katikati, nomino moja mwishoni inavihudumia vyote. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno anapata "na au bila risiti", kitu ambacho si lugha ya mtu.

Lakini Kiswahili kinaweza, kwa sharti moja: vihusishi viwe na mkia mmoja. "Ndani na nje ya nchi", "kabla au baada ya mavuno", "mbele na nyuma ya nyumba", "juu au chini ya mti" zote ni safi, kwa kuwa kila jozi inashiriki "ya" moja. Mikia ikitofautiana, jozi inavunjika. "Pamoja na" ina "na", "bila" haina mkia au ina "ya", kwa hiyo haziwezi kuishi chini ya nomino moja. Hapo Kiswahili hukimbilia kitenzi, na kinapokimbilia kitenzi hupendeza: "uwe na risiti, usiwe nayo", "mabasi yaendayo Tabora na yatokayo huko", "Nzega na vijiji vinavyoizunguka".

Tena, Kiingereza huruhusu kihusishi kibaki kikining'inia mwisho wa sentensi. Kiswahili hakiruhusu "na" kubaki uchi. "Mtu niliyekuja naye", "kisu alichokatia", "nyumba wanamoishi". Mwanafunzi anayeandika "mtu niliyekuja na" amefikiri kwa Kiingereza akaandika kwa Kiswahili, na si yeye peke yake. Kwenye makala ya watu wazima wenye shahada makosa hayo yamo.

Wazee wa Kinyamwezi wataongeza la kwao. Kinyamwezi huweka ha-, ku- na mu- mbele ya neno kuonyesha mahali, wakati Kiswahili hutundika -ni nyuma: nyumbani, shambani, kisimani. Pengine ndiyo sababu vijana wenye lugha zote mbili wanajikuta wameweka alama mbele na nyuma: "katika shambani", "kwenye nyumbani". Chagua moja. Ama "katika shamba" ama "shambani". Ukitaka kuonyesha mwenyewe, pa, kwa na mwa zipo: shambani pa Juma, nyumbani kwa Asha, kisimani mwa kijiji.

"Kabla hajafika" ni kukanusha?

Umbo ni la kukanusha, maana si ya kukanusha. "Ondoka kabla hajafika" maana yake ondoka mapema kuliko kufika kwake. Kosa linaloonekana kila siku kwenye ujumbe wa simu ni "kabla ajafika". Herufi h imeanguka kwa sababu masikio mengi ya bara hayaisikii vizuri. Iandike. Kama hutaki kusumbuka nayo, tumia "kabla ya kufika kwake", lakini usiandike "kabla ya hajafika", kwani "ya" inataka nomino au kitenzi cha ku-, haitaki sentensi nzima. Vivyo hivyo "kwa sababu ya mvua" na "kwa sababu mvua ilinyesha".

Haya yote yana uzito gani kisheria?

Yana uzito kuliko miaka michache iliyopita. Mahakama za mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili siku nyingi, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Zamani shauri likipanda ngazi, karatasi ya kijijini ilitafsiriwa Kiingereza, na mtafsiri alilazimika kuchagua "na" ile ni ya mtenda, ya kuunga au ya kufuatana. Utata uliishia mikononi mwake, kwa haki au kwa kukosea. Sasa sentensi inaweza kusomwa kama ilivyoandikwa, kwa lugha ile ile, na mawakili wawili wakabishana juu ya "na" ya mkulima wa Puge.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa karatasi usomewe halafu utie sahihi au dole gumba, mwombe anayesoma asimame kwenye kila "na" na kila "kwa" aeleze ni nani, lini, kutoka wapi na kwa kipimo gani. Akishindwa kueleza mojawapo, karatasi haijakamilika. Irudishe iandikwe upya kabla hujasaini.